Chai ya Asubuhi Mombasa na Wale Waipikao

Mjini Mombasa mtu haulizwi kama amekula kifungua kinywa. Huulizwa, "Ushakunywa chai?" na aulizaye hana nia ya kujua habari za chai. Ataka kujua kama tumbo limepata kitu: hamri, chapati, kipande cha muhogo, au mkate uliobaki jana usiku. Staftahi, chamshakinywa na kifungua kinywa ni maneno mazuri, yamo katika makamusi na katika orodha za vyakula za mahoteli; lakini barazani na jikoni neno ni chai, hata kwa yule ambaye asubuhi hiyo amekunywa kahawa.

Twaanza na neno hilo kwa sababu wageni wafikao mjini kwetu, na hata ndugu zetu waliohamia kutoka bara, huuliza mara kwa mara wapi wapate chakula kizuri cha asubuhi, na jawabu wanalopewa huwa ni moja. Huelekezwa kwenye mahoteli ya ufukweni, Nyali na Bamburi, ambako meza ndefu hutandikwa mayai, soseji, matunda yaliyokatwa na mikate ya kila namna. Hatuna ugomvi na meza hizo. Walakini soseji ya Nyali ni soseji ile ile ya Nairobi, na mtu aliyesafiri usiku kucha kuja Mombasa ana haki ya kuonja kitu ambacho asingekipata kule alikotoka. Kitu hicho kipo. Hakina kibao mlangoni, na ikifika saa tatu kimekwisha.

Ni mbaazi na mahamri.

Msomaji asiyewahi kuzipika huenda akadhani mbaazi ni kazi nyepesi, kwa kuwa huuzwa kwa bei nafuu na huliwa na kila mtu. Ukweli ni kinyume chake. Mbaazi kavu huchaguliwa mawe na kurowekwa tangu jana yake. Huchemshwa kwa moto wa taratibu hadi ziive sawasawa bila ya kupondeka, maana zikipondeka sufuria nzima hugeuka uji. Wakati huo nazi zinakunwa: zamani kwa mbuzi, mpishi amekaa juu yake na sinia mbele yake, siku hizi wengi huzipeleka kwa wenye mashine sokoni. Nazi iliyokunwa hukamuliwa katika kifumbu. Tui jepesi hutangulia, likapikwa na mbaazi pamoja na kitunguu, pilipili mbichi na chumvi. Tui zito, lile la kwanza, huwekwa kando hadi mwisho, kisha likamiminwa na kukorogwa polepole lisikatike. Tui likikatika hakuna dawa. Mafuta hujitenga, na mnunuzi wa Kibokoni huliona hilo kwa macho kabla hajaonja.

Mahamri nayo yana saa zake. Unga wa ngano hukandwa kwa tui, sukari, hamira na iliki iliyotwangwa, kisha ukaachwa uumuke. Alfajiri donge husukumwa, likakatwa pembe tatu, na vipande vikatumbukizwa katika mafuta yaliyopata moto wa kadiri. Hamri jema hufura likawa tupu ndani kama mfuko, na humo ndimo mbaazi hutiwa na wale wapendao kula kwa kutembea. Ndugu zetu wa bara huliita andazi, na hapa hatuna budi kusimama kidogo tuseme kwamba andazi si hamri. Andazi linaweza kukandwa kwa maji au kwa maziwa na likawa andazi jema. Hamri lisilo nazi wala iliki ni mkate wa kukaanga tu.

Hesabu basi saa hizo. Ili sufuria iwe mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, watu wanapotoka kuswali na watoto wanapojitayarisha kwenda chuoni na skuli, mpishi hana budi kuamka saa tisa ya usiku. Mara nyingi mpishi huyo ni mwanamke, naye hupika katika jiko lile lile la nyumbani kwake. Ukimwuliza kazi yake, huenda akakujibu kwamba hana kazi, auza mbaazi tu.

Na bakuli moja la mbaazi lina safari ndefu nyuma yake. Mbaazi zenyewe aghalabu hutoka Ukambani, katika mashamba ya Makueni, Kitui na Machakos, ambako mmea huo hustahimili ukame kuliko mahindi. Nazi hutoka Kilifi na Kwale. Iliki huenda ikawa ya milima ya Usambara au ya Bara Hindi. Ngano ndiyo yenye mashaka zaidi, kwa kuwa Kenya hulima sehemu ndogo tu ya ngano inayokula, na iliyobaki huletwa kwa meli. Mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, unga na mafuta ya kupikia vilipanda bei, na wapishi wa mahamri wakawa na njia mbili tu: kupandisha bei au kupunguza ukubwa. Wengi walipunguza ukubwa, kwani mnunuzi husamehe hamri dogo kabla ya kusamehe hamri ghali.

Sasa, wapi? Aingiaye Mji wa Kale kwa upande wa Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aifuate Ndia Kuu, kisha akate vichochoro kuingia Kibokoni. Asitafute maandishi. Atafute meza ndogo kando ya mlango, sufuria iliyofunikwa kwa sinia, na watoto wawili watatu waliosimama na mabakuli. Hiyo ndiyo alama. Akiwa hana yakini, na aulize kwa heshima, kwa maana hapo amesimama mlangoni pa watu.

"Asalaam aleikum, mama. Mbaazi zimebaki?"

"Wa aleikum salaam. Zimebaki, mwanangu. Bakuli lako li wapi?"

Swali hilo la bakuli huwashangaza wageni. Lakini ndivyo biashara hii ilivyokuwa na, kwa kiasi kikubwa, ndivyo ilivyo: mnunuzi huja na chombo chake, akapakuliwa, akaenda kula kwake. Mgeni asiye na bakuli hupewa sahani, akala papo hapo barazani, na akimaliza huirudisha mwenyewe kwa mwenyewe. Haipendezi kuiacha chini na kwenda zako kana kwamba kuna mtumishi.

Mitaa ya Kuze, Bondeni, Majengo na Makadara ina meza zake vile vile, na kila mtaa huapa kwamba za kwake ndizo. Sisi hatutahukumu baina yao. Tuna jamaa katika mitaa yote. Tutasema tu kwamba mbali na mbaazi, mtafutaji mwenye bahati atakuta vitumbua vya mchele vilivyokaangwa katika chuma chenye vishimo, vibibi vyenye tui juu, au mkate wa kumimina uliokauka pembeni na kubaki laini katikati. Akikuta mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama au mahindi ubandikwao ubavuni mwa tanuri la udongo, na asiuache upite. Matanuri hayo yamepungua sana, na kulijenga na kulitunza tanuri ni ujuzi wenyewe.

Kahawa ni mlango mwingine. Kahawa tungu, kama waiitavyo Wamvita, huchemshwa katika dele la shaba juu ya makaa, pamoja na tangawizi, ikanywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Haina sukari. Utamu wake umo katika tende, kashata au kipande cha halua kilichowekwa kando. Muuzaji hugonganisha vikombe mkononi, na kwa mlio huo watu hujua yupo. Baada ya sala ya alfajiri baraza hujaa wazee wa kiume, habari za usiku zikasimuliwa na za mji zikahukumiwa. Ni kweli kwamba baraza la kahawa limekuwa la wanaume tangu hapo, na mgeni wa kike ataona macho yakimgeukia. Hatakatazwa lakini, atasogezewa nafasi. Kwa wapendao kahawa ya maziwa na meza ya kukaa, Ndia Kuu yenyewe ina nyumba za kahawa zilizofunguliwa katika majumba ya kale, na humo jinsia zote huketi kwa raha.

Ila Mombasa si Mji wa Kale peke yake. Nenda Mwembe Tayari kabla jua halijapanda, mabasi ya usiku kutoka Nairobi yanapofika na abiria wanashuka wamekunjamana. Hapo chai ni ya maziwa, tamu na moto, katika kikombe kikubwa, pamoja na chapati na maharagwe au supu ya mifupa yenye ndimu na pilipili. Chakula cha hapo hakijifanyi cha Kiswahili wala cha bara. Kimekuwa cha wote, kama mtaa wenyewe. Kongowea, wachukuzi wa soko hula mapema zaidi na hula kwa wingi, kwa maana wao wameanza kazi usiku. Na kivukoni Likoni, ambako feri zimekuwa zikivusha watu tangu mwaka 1937, asubuhi huliwa kwa kusimama: yai la kuchemsha lililopasuliwa na kutiwa kachumbari, muhogo wa kukaanga uliokamuliwa ndimu, chai ya rangi. Mtu hula jicho moja likiwa kwa feri. Tusimtume mgeni huko kwa ajili ya ladha, bali kwa ajili ya kuuona mji unavyokwenda kazini.

Sasa twaja kwenye chakula ambacho watu wa Marekani na Ulaya wamekipa jina la pekee, kile kisichokuwa cha asubuhi wala cha mchana, na ambacho mahoteli yetu hukitangaza siku za Jumapili kama uvumbuzi mpya. Hapa mjini kimekuwapo siku zote, nacho huitwa chai ya saa nne. Makarani wa Treasury Square na wa mabenki ya Nkrumah Road, wenye maduka wa Biashara Street, mafundi na wachukuzi wa Marikiti, wote saa nne huona haja ya kusimamisha kazi. Mbaazi zimekwisha wakati huo. Zamu ni ya viazi vya karai, vilivyochovywa katika unga uliotiwa manjano vikakaangwa, na chatini ya ukwaju kando yake; bajia za dengu; kachori; sambusa zilizotoka mafutani dakika hiyo. Sehemu kubwa ya vyakula hivi vina asili yake Bara Hindi, na miongoni mwa nyumba zilizojipatia jina kwa vyakula vya namna hiyo ni Blue Room ya barabara ya Haile Selassie, iliyoanzishwa mwaka 1952. Sambusa ilikwisha kuwa yetu zamani. Hakuna Mvita aulizaye asili yake anapoitafuna.

Atakaye upepo na ateremke hadi bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, mahali palipotengenezwa upya na kufanyiwa sherehe za Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2019. Hapo kuna madafu na vipande vyembamba vya muhogo wa kukaanga vyenye pilipili na ndimu. Asubuhi ya Jumapili huwa tulivu kabla ya umati wa jioni.

Tumeeleza wapi. Hatuna budi sasa kueleza lile lililotufanya tuandike.

Tarehe 6 Mei 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Serikali ilifunga Mji wa Kale wa Mombasa pamoja na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi. Watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka, na nyumba zote za kula zikaamriwa zifungwe. Amri ya siku 15 iliongezwa, ikaondolewa mapema mwezi Juni. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani ilipoanza, wakati ambapo chai ya asubuhi huhamia magharibi na kuitwa futari, na ambapo wapishi wa mitaani huchuma zaidi kuliko mwezi mwingine wowote. Hatusemi kwamba amri hiyo ilikuwa dhuluma. Maradhi yalikuwa maradhi. Twasema kwamba katika wiki zile ndipo mji ulipoona jambo ambalo haukuwa umelihesabu: kwamba mwanamke mwenye sufuria mlangoni hana akiba, hana bima, hana daftari la mauzo la kumwonyesha mtu wa mkopo, na akisimama mwezi mmoja mtaji wake huliwa nyumbani. Waliorejea mezani walirejea kwa kukopa unga. Wengine hawakurejea.

Mashaka hayakuanza na korona. Februari 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, bei ya makaa ilipanda, na mbaazi hazipikiki kwa moto wa haraka. Gesi yafaa kwa mahamri, lakini kuichoma kwa saa nyingi chini ya sufuria ya mbaazi ni kuchoma faida. Kisha kuna askari wa kaunti. Mji unapoamua kujisafisha, na twakubali kwamba huna budi kujisafisha, meza ndogo huwa ndiyo ya kwanza kupinduliwa. Mwenye duka la kioo huandikiwa barua. Mwenye sufuria hukimbizwa.

Wapo wasemao kwamba chakula cha njiani ni hatari, na kwamba kipindupindu hakichezewi. Wasema kweli. Mahali pasipo maji safi, mkono uliogusa fedha hugusa hamri, na sahani tano husuuzwa katika ndoo moja. Lakini tazama kosa liko wapi. Mbaazi zilizochemka saa nyingi hazina kosa. Kosa li katika ile ndoo, na ndoo ipo kwa sababu hakuna bomba. Sheria yetu yamtaka kila ashikaye chakula cha kuuza apimwe afya na awe na cheti, tena apimwe upya kila baada ya miezi sita. Ni sheria njema. Walakini mpishi wa nyumbani akienda kupimwa hupoteza asubuhi moja ya mauzo, hulipa ada, kisha akirudi bado hana maji na bado hana ruhusa ya mahali alipo. Cheti kimempa nini?

Katiba ya mwaka 2010 imeziachia serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Basi jambo hili halingoji Nairobi. Kaunti ya Mombasa yaweza kuamua kwamba meza ya asubuhi ni biashara ya aina yake, ifunguliwayo kabla ya saa kumi na mbili na kufungwa kabla ya saa nne, isiyoziba njia ya gari wala mlango wa duka, na ikaitoza ada ya saa hizo chache badala ya ada ya duka zima. Yaweza kuwaleta wapimaji wa afya mtaani Kibokoni au Majengo alasiri, wakati masufuria yamekwisha kuoshwa, badala ya kuwangoja wapishi ofisini saa mbili asubuhi. Yaweza kuweka mabomba na mifereji ya maji machafu penye meza nyingi. Mambo haya hayahitaji mkutano wa wataalamu.

Likipuuzwa, hatudhani kwamba mbaazi zitatoweka Mombasa. Zitahamia kwenye mahoteli. Zitapakuliwa katika vibakuli vya kigeni, zikaandikwa kwenye orodha kwa jina refu, na bei yake itakuwa ya mtu wa likizo. Mchukuzi wa Marikiti atakunywa chai kavu. Na ujuzi wenyewe una mlango mwingine wa kutokea: binti aliyemwona mama yake akiamka saa tisa ya usiku kwa miaka ishirini, akakimbizwa mara kadhaa kwa mwaka, ana njia nyingine za riziki, kuanzia duka la simu hadi safari ya Ghuba, na hakuna awezaye kumlaumu akizichagua. Kulikunja tui lisikatike hakuandikwi kitabuni. Huoneshwa kwa mkono, jikoni, na aliyekuwapo.

Tumeulizwa pia kuhusu Ramadhani, maana wageni hufika wakati huo bila ya kujua. Mchana nyumba nyingi za kula katika Mji wa Kale hufungwa au huteremsha pazia, na si adabu kula barabarani. Lakini magharibi mitaa ile ile hufunguka, pamoja na kaimati, tambi za sukari na uji ambavyo miezi mingine havionekani kwa wingi huo. Kwa miezi iliyobaki, atakaye mbaazi na atoke kabla ya saa mbili, achukue bakuli, na awe na fedha ndogo ndogo mfukoni, kwa sababu mwenye meza hana chenji ya noti kubwa saa hizo, naye akikosa chenji atakwambia, "Chukua tu, mwanangu, utaleta kesho." Na mgeni asiyekuwapo mjini kesho hapaswi kumtia katika deni hilo.